Hatua Themanini

Nimesema uwongo katika nchi sita, na karibu wote ulikuwa uwongo wa adabu. Mombasa nilimwambia mwenye nyumba wangu kwamba supu yake ya pweza inanikumbusha ya mama. Maskati nilimwambia bosi kwamba najua kuendesha lori. Mtu asiyekaa pahala pamoja hujifunza kwamba kila mlango una ufunguo wake, na mara nyingi ufunguo wenyewe ni hadithi fupi inayompendeza aliye ndani. Lakini uwongo ulioniponza hasa niliusema Lewisham, mtaa wa Landani, sebuleni kwa watu, mkono mmoja nimeshika kikombe cha kahawa na mwingine kipande cha halua. Nilikuwa nimekwenda kuposa.

Mwanamke mwenyewe tulijuana hapo hapo Lewisham, sokoni. Nilikuwa nabonyezabonyeza ndizi za kupika, nikasikia nyuma yangu, kwa Kiswahili, bila hata salamu: "Kaka, unazinunua au unazikanda?" Alizaliwa Malindi, akaletwa Landani akiwa msichana, akaolewa, akaachika, akabaki na kazi ya kupokea wagonjwa kwenye zahanati na kumwangalia baba yake mjane. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, chumba cha kupanga Barking, kazi ya zamu ya kutunza wazee, na masanduku mawili ambayo sijapata kuyafungua yote mawili katika nyumba moja. Wazee wangu waliondoka Unguja baada ya mapinduzi, wakarudi, mimi nikaondoka tena kwa hiari yangu, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuaga. Kwa miezi minane tulikunywa chai kwenye mkahawa wa pale kituoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikawa sisikii hamu ya kutazama ratiba ya treni.

"Mimi nimekubali," aliniambia siku moja. "Lakini baba ndiye walii wangu. Asiporidhia, basi. Nishaolewa mara moja kwa kiburi changu, nikaona mwisho wake. Mara hii nataka baba acheke."

Kazi yangu ikawa hiyo, kumchekesha mzee.

Mzee alikuwa mwembamba, ndevu nyeupe fupi, amesukuma vitanda vya hospitali miaka ishirini na kitu mpaka akastaafu, na alikuwa na tabia ya kukusikiliza huku ametazama pengine. Ukutani kwake palikuwa na picha ya Makka kama kwa watu wote. Kando yake, pale ambapo wengine huweka saa, palining'inia upinde wa mti mweusi, mrefu kunishinda. Televisheni ilikuwa imezimwa sauti. Kulungu wa nchi za baridi walikuwa wanapita kwenye theluji.

"Mambo haya wayajua?" aliniuliza, akiuonyesha upinde kwa kidevu.

Binti yake alikuwa ameshanieleza. Kwao ni bara kidogo ya Malindi, na zama zile, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji, mtoto wa kiume alijua kuvuta ugwe wa upinde kabla hajajua kusoma. Ningesema "sijui, mzee wangu, nifundishe", siku hiyo hiyo ningeletewa tambuu ya kukubaliwa. Badala yake nikasema:

"Kidogo, mzee wangu."

"Unguja kuna paa?"

"Wapo." Hiyo ilikuwa kweli. "Tena wengi." Hiyo haikuwa kweli.

"Nilisikia nyinyi mwawinda kwa mbwa na nyavu."

"Wengine. Sisi upande wetu ni upinde."

"Ushapata?"

"Nilipata mmoja."

Mzee aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza. "Umbali gani?"

Sikuwa najua kwamba kuna swali kama hilo. Nilitafuta haraka haraka nambari inayomfaa mkwe. Hamsini niliiona kama ya mtoto. Mia ilinuka majigambo. "Hatua themanini," nikasema, na nikaongeza "hivi" ili nionekane mnyenyekevu.

"Themanini."

"Hivi."

"Alikuwa kasimama?"

"Alikuwa mbioni," nikasema, Mungu anisamehe.

Mzee aliweka kikombe chini. Kisha akaanza kunikirimu. Akanisogezea halua, akanimiminia kahawa kwa mkono wake, akauliza hali ya jamaa zangu mmoja mmoja, mpaka wa upande wa mama. Mimi ni mtu wa pwani, na pwani heshima ikizidi ghafla namna ile, mambo yameshaharibika.

Kesho yake simu ilinikuta kazini, nikimlisha uji bibi mmoja wa miaka tisini.

"Umemwambia nini baba yangu?"

"Hadithi tu."

"Hadithi gani? Hajalala. Anasema mtu aliyempiga paa mbioni kwa hatua themanini ni mmoja kati ya wawili. Ama ni mrongo, ama ni katili. Anasema anataka kujua wewe ni yupi kabla hajatoa jawabu."

"Na kipi bora?"

"Nami nilimuuliza. Kasema, 'Na mrongo mtu hukaa naye, wewe mwenyewe umekaa na mmoja miaka saba. Katili, sikupi.'"

Nikashusha pumzi. "Basi jambo jepesi. Mwambie mimi ni mwongo."

"Hayo hayasemwi kwa simu wala kwa tarishi," akasema. "Jumapili anakwenda klabu yake. Kasema uje."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mzee yule, baada ya kustaafu, alipoambiwa na daktari atafute mazoezi mepesi, hakwenda kuogelea wala kutembea kama wenzake. Alijiunga na klabu ya upinde kwenye msitu mdogo upande wa Kent, na kila Jumapili alipanda treni na begi lake refu, watu wakidhani ni mpiga muziki.

Ijumaa, baada ya zamu, nilikwenda kwenye bustani ya jirani kule Barking ili nione kwa macho yangu kitu nilichokisema. Nilisimama kwenye pipa la taka nikahesabu hatua kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka themanini. Nikageuka. Pipa silioni. Nilidhani manispaa wamelichukua. Nilipokaza macho nikaliona, dogo mfano wa kizibo cha soda. Nikajaribu kulitilia miguu minne akilini. Nikajaribu kulikimbiza.

"Umepoteza nini, bwana?" 

Alikuwa mzee wa Kisikh, kilemba cha buluu, amekaa kwenye benchi na mfuko wake wa mkate. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, cha zamani, safi kabisa. Alikuwa amenisikia nikihesabu.

"Sijapoteza kitu, mzee. Napima."

"Unapima nini?"

"Mambo ya kuoa."

Akalitazama pipa, akanitazama mimi. "Basi pima mbali," akasema, akaendelea kuwakatia njiwa mkate.

Jumapili tulikutana stesheni ya Lewisham, sisi watatu. Mzee alikuwa na begi lake, chupa ya chai na kofia ya kushona. Binti yake alikuwa amefunga mtandio wa kijani na amevaa viatu vya mpira, na alinikonyeza kwa namna iliyonitia nguvu. Ndani ya treni mzee hakuzungumza nami. Alikaa dirishani. Tulipotoka nje ya mji tukawaona kulungu wawili wa kweli, wamesimama katikati ya shamba la mtu wanakula ngano bila wasiwasi. Wanene, kila mmoja ukubwa wa punda. Nilitaka kusema jambo, lakini mara hii nikauma ulimi.

Mimi nilikuwa nimeshaipanga kazi katika kichwa changu. Ikiwa mwongo anaozeshwa na katili haozeshwi, basi ninachotakiwa ni kukosa. Watanipa upinde, nitapiga, mshale utakwenda kombo, mzee atasema "mrongo huyu", na mimi nitainamisha kichwa kwa haya. Kukiri kwa mdomo kunataka uso. Nilitaka mshale unikirie.

Klabu yenyewe ilikuwa kibanda cha mbao, uwanja mrefu wa majani na, nyuma yake, msitu. Msimamizi alikuwa bibi wa Kiingereza wa miaka sabini hivi, suruali ya mifuko mingi na filimbi shingoni. Akipuliza mara moja, watu hupiga. Akipuliza mara tatu, kila mtu huganda alipo. Shabaha hazikuwa duara za rangi peke yake. Palikuwa na wanyama wa sponji ngumu, wa ukubwa wao halisi: nguruwe mwitu, bata mzinga, mbweha, na kulungu mmoja mwenye pembe, amesimama mwisho wa uwanja mbele ya tuta la udongo, macho ya kioo, uso wa mtu anayengojea basi.

Nilimuuliza bibi yule kwa nini wasiende kuwapiga wale wa kweli tuliowaona wakila ngano ya watu. Alishtuka kana kwamba nimemuuliza kwa nini asiwapige majirani. Akanieleza kwamba katika nchi hii sheria inakataza kumpiga kulungu kwa upinde, kwa umbali wowote ule. Sababu, alisema kwa jinsi yeye anavyoielewa, ni kwamba huwezi kuwa na hakika utamwua mara moja.

"Waingereza hawa wameniweka chini ya mvua tangu siku niliyofika," mzee alisema, "lakini hili wamesema kweli."

Wakanipa upinde mwepesi wa wageni. Kwanza nilipiga gunia la majani makavu, hatua kumi. Mshale wa kwanza ulianguka miguuni pangu. Wa pili uliingia kwenye gunia, lakini ugwe ulinichapa mkononi, ndani ya kiwiko, nikasema "Alhamdulillahi" kama mtu anavyosema anapotaka kusema jambo jingine. Binti wa mzee aligeuka akatazama miti. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Umekaa siku nyingi hukupiga," mzee alisema.

"Siku nyingi, mzee wangu."

"Haya. Twende kwenye umbali wako." Akamwambia binti yake: "Mama, tuhesabie."

Mwanamke wangu akashika njia kutoka kwa kulungu wa sponji kuja kwetu, anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Akafika, akakita kigongo. "Hapa."

Bibi wa filimbi akaja mbio. Huku nyuma hapigi mtu ila mwenye uzoefu. Akaniuliza, akinitazama machoni: "Wewe una uzoefu?" Mzee naye akanitazama, kwa hamu kubwa kabisa, kama mtu aliyeona mlango umefunguliwa na anangojea kuona nani atatoka.

Hapo ndipo pa kusema kweli. Nilijua hivyo. 

"Ninao," nikasema. Uwongo mwingine, na huu kwa Kiingereza.

Filimbi ikalia. Nikavuta. Nilitaka mshale upite juu kabisa ya kulungu, mbali, uende kuzama kwenye tuta bila mtu kuwa na shaka yoyote. Basi sikumlenga hata kidogo. Nililenga angani, juu ya pembe zake kiasi cha urefu wa watu wawili, nikasema Bismillahi kwa mazoea, nikaachia.

Mtu asiyepata kupiga mshale hajui kwamba mshale huanguka. Mimi sikujua. Niliuona ukipanda, nikafurahi. Niliuona ukisimama kidogo kule juu kama unaofikiri. Kisha ukainamisha kichwa, ukashuka taratibu, ukaja ukamwingia kulungu ubavuni kwa sauti ya mtu anayepiga godoro.

Bibi wa Kiingereza alipiga makofi. 

Mzee hakupiga makofi. Alivua kofia, akajipangusa kichwa, akaivaa tena. "Kumbe ni kweli," akasema polepole.

"Si kweli!"

"Tumeona sote."

"Mzee wangu, wallahi mimi ni mwongo!"

"Mrongo hapigi vile."

"Mwongo mkubwa! Tangu utotoni. Sijapata kushika upinde maisha yangu. Muulize yeyote."

"Nimuulize nani? Wewe huna watu hapa."

"Muulize binti yako!"

Binti yake, ambaye sasa hakuwa anacheka tena, akasema: "Ni mrongo, baba. Kila Jumamosi huniambia mchicha wangu mtamu."

"Huo si urongo, huo ni ulimi mzuri," mzee akasema. Uso wake ulikuwa umefunga. Alitangulia kwenda kwa kulungu, nasi nyuma yake kama watu wanaokwenda kutazama ajali. Mshale ulikuwa umezama nyuma ya mbavu, chini. Mzee aliugusa kwa kidole.

"Waona ulipoingia? Tumboni. Huyu hafi leo. Hafi kesho asubuhi." Akanitazama. "Haya. Mfuate."

"Nimfuate wapi, mzee wangu? Si huyu hapa?"

"Huyo si yeye. Yeye keshakimbia. Kaingia kule," akaonyesha msituni. "Umempiga, humwachi. Mfuate."

Kuna nyakati mtu hubishana na nyakati nyingine hutembea. Nikaingia msituni.

Lile neno msitu lisikudanganye. Ni vichaka vya miiba, majani yanayowasha na matope ya mvua ya wiki nzima. Nilivaa viatu vya ngozi, vya posa. Mzee alikuja nyuma yangu, mikono mgongoni, akinisomea njia. "Hapa kapita mbio, tazama. Hapa kaanza kupunguza. Usiende huko, yeye hapandi kilima, mwenye jeraha la tumbo hutafuta maji." Nilipojaribu kuuzunguka mwiba, alisema, "Yeye hakuuzunguka." Nikapita katikati. Nyuma yetu, mbali, filimbi ililia mara tatu, ambayo maana yake ni kuganda, lakini mzee hakuganda, na mimi nilimwogopa yeye zaidi.

Binti yake alinikaribia kwenye matope, akaninong'oneza: "Nisamehe."

"Wewe? Kwa nini?"

"Sikuhesabu themanini. Nilihesabu hamsini na tatu. Nilitaka nikusaidie upate."

Nilisimama nikamtazama. Mimi nilikuwa nataka kukosa ili nimwoe, na yeye kaniletea kulungu karibu ili aolewe. Lau kila mmoja wetu angempenda mwenziwe pungufu kidogo tu, tungekuwa tumeshakunywa chai.

"Hapa kalala," mzee alisema mbele yetu. Sasa alikuwa amenipita. Hakuwa ananitazama tena. Alikuwa ameinama, anatazama majani ya kawaida kabisa ya Kent kana kwamba yana kitu. "Hapa kalala mara ya kwanza. Nikamsikia, nikaharakisha, akainuka. Ningengojea, angelala moja kwa moja. Sikungoja."

Tukamsogelea sisi wawili. 

"Ilikuwa jioni," akasema. "Babangu alikuwa kanicheka mara mbili siku hiyo, kwamba nasogea mno, nasogea mpaka mnyama afe kwa uzee. Kwetu hupigi ila uwe hatua kumi na tano, umwone sikio linavyogeuka. Huyu nilimpiga arubaini. Nilijua ni mbali. Niliona aibu kusogea tena." Akatembea. Tukafuata. "Babangu hakunigombeza. Kanipa kibuyu cha maji, kanambia neno moja, 'Mfuate,' yeye karudi nyumbani. Nilimfuata hata giza likaniingilia, kukicha nikamfuata tena, mpaka karibu na adhuhuri."

Tulifika kwenye mtaro wenye maji kidogo na mfuko wa plastiki. Mzee alisimama hapo.

"Nilimkuta pahala kama hapa. Yu hai. Kaniangalia. Hakuwa na nguvu hata ya kuniogopa." Akakohoa. "Nikamchinja, Bismillahi, kwa hiyo nyama ni halali, mashekhe wote wangesema halali. Watu walikula. Mimi haikunipita hapa," akagusa koo. "Tangu siku hiyo mpaka naondoka kwetu sikupiga zaidi ya hatua kumi na tano. Nilikuwa narudi mikono mitupu, wakinicheka. Wacha wacheke."

Mkono ulikuwa unaniuma, miguu imelowa, na uso unaniwasha kwa majani. Sikuwa na uso wa kuficha tena.

"Mzee wangu," nikasema, "paa mimi namjua kwa mchuzi. Ami yangu alikuwa akinunua kwa wasasi wenye mbwa, akaleta jikoni mguu mmoja na kichwa. Mimi niliogopa kile kichwa, nikajificha chooni mpaka kiondolewe. Ile themanini niliiokota tu. Nilikuwa nakuogopa wewe. Na leo nililenga mbinguni ili nikose."

"Ulilenga mbinguni?"

"Kabisa kabisa."

"Hujui kwamba mshale hushuka?"

"Nimejua leo."

Kitu kikaanza kumtikisa mzee kutoka tumboni, akashika mti, nikadhani ni moyo, nikakumbuka mafunzo yangu ya kazi na nikajiandaa kumlaza chini. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka mtaroni, na mwanawe akaingia kuiokota akicheka naye, na mimi nikasimama pale sijui kama nacheka au nalia, maana baba alikuwa amecheka lakini hakuwa amesema neno.

"Kulenga mbinguni," alirudia njiani tukirejea. "Arubaini nilipiga nikijua. Huyu kapiga hajui hata kwamba dunia inavuta." Lakini jawabu hakutoa. Nikamvua kulungu mshale wake kwa kukanyaga ubavu na kuvuta kwa mikono miwili, ukatoka ghafla, nikaanguka chali, na hilo pia alilicheka, na jawabu hakutoa.

Bibi wa filimbi alitungojea mlangoni pa kibanda, mwekundu kwa hasira. Tumeacha njia iliyowekewa alama, hatukusikia filimbi, na huyu mgeni, kwa ule mkono ulivyovimba, yeye sasa haamini kama aliwahi kushika upinde. Akatoa fomu ya wageni ambayo, alisema, ilitakiwa ijazwe asubuhi, na haondoki mtu mpaka ijazwe. Mwanachama ndiye anayejaza kwa niaba ya mgeni wake.

Mzee alivaa miwani, akachukua kalamu. Penye jina akaniuliza nalitamka vipi la babu. Penye uzoefu akaandika kwa herufi kubwa, *HANA*, kisha akakumbuka ni Kiingereza akakata akaandika upya. Penye majeraha akaandika mkono. Halafu kalamu ikasimama. Palikuwa na kisanduku kimoja kilichobaki, kinauliza mgeni huyu ana uhusiano gani na mwanachama. Rafiki, jirani, au jamaa, na kama ni jamaa, wa namna gani.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake natiririka maji. Nilisoma kila herufi ilivyokuwa inatoka, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma madrasa kabla ya shule, polepole, na Kiingereza chake kikampa maneno matatu pale ambapo sisi tunalo moja. Aliandika kwamba mimi ni mkwewe.

Binti yake alikuwa anasoma juu ya bega la pili. "Baba," akasema, "bado hajanioa."

Mzee akamnyooshea kalamu bila kugeuka. "Basi futa wewe."

Aliichukua. Aliishika kitambo, akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi na viatu vyangu. Kisha akamrudishia bibi kalamu yake na kumuuliza, kwa adabu sana, kama kuna taulo.